Povu Puani mwa Banjo

Bev, upo? Usipige, siwezi kuongea. Soma tu.

Banjo anakufa. Yule farasi wa jirani yangu Darryl. Anahema kwa shida, povu lenye damu linamtoka puani.

Si nilimwambia? Mkuyu ukizaa, popo wanajaa, usimlishe farasi chini yake, mikojo yao inaingia kwenye chakula. Akacheka. "Shangazi, hao popo wamekukosea nini? Banjo anataka kivuli."

Ndoo ya chakula iko palepale chini ya mkuyu, Bev. Palepale!

Nimemkuta anampangusa pua kwa shati lake. Mikono mitupu! Na kiganja chake kilichanwa na seng'enge jana.

Daktari wa mifugo kwenye simu hakuuliza hata farasi ana umri gani. "Amechanjwa Hendra, ule ugonjwa wa popo?"

Darryl akampangusa Banjo tena.

"Darryl, amechanjwa?"

"Nilisema mwezi ujao..."

"Toka hapo! Usimguse tena. Hiyo inaua na watu. Oga kwa sabuni, na mtu asikusogelee na hilo povu mwilini."

Bado hajaoga. Amekaa kwenye nyasi, analia kama mtoto. "Shangazi, njoo uniwekee mikono uniombee."

Bev, mimi huyu, ninayewawekea mikono wagonjwa wote pale kanisani! Nimeomba kwa sauti, machozi yananitoka, lakini nimesimama upande wangu wa seng'enge. Akaninyooshea mkono, uleule wenye jeraha.

Sikuushika. Bado ameunyoosha.