Nzi wa Kando ya Barabara

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, macho tu yananisumbua. Baba anaendeleaje? Anakula? Uvimbe wa miguu umepungua?

Kazi hapa makumbusho ni ileile: nzi waliokaushwa zamani, kila mmoja na kikaratasi chake, alikamatwa wapi na mwezi gani. Naingiza yote kwenye kompyuta, nayo inachora ramani ya wanakoishi. Ramani ikiisha nakuja kupokea zamu ya kumuuguza Baba, urudi karakana. Mwisho wa mwezi huu, Mungu akipenda.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Baba hajambo. Anakunywa uji na kugombana na redio. Mwezi umeisha, sijakuona. Nzi wa kwako wana makumbusho. Wa huku wanaingia bila hodi, na anayewafukuza ni mimi. Fundi wa karakana ameuliza kama bado naitaka nafasi yangu. Nimemwomba asubiri.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Baba anapata usingizi?

Ramani ilitoka, tukashangilia, kisha aibu ikatushika: eti nzi huyu anaishi kando ya barabara kuu tu! Kumbe wakusanyaji wa zamani walikamata pale gari lilipofika. Kwingine hawakutafuta, na kompyuta ikadhani hakuna kitu. Inabidi turudie yote. Nivumilie hadi Juni. Haraka haraka haina baraka.

Dada yako

7 Mei

Dada,

Shikamoo. Baba hajambo. Methali yako nimemfikishia fundi.

Mdogo wako

15 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako fupi imeninyima raha. Nimezisoma tena zako zote. Habari za Baba ninazo tele. Zako sina, maana sikuwahi kuuliza. Nami nikadhani hakuna kitu, kama ile kompyuta. Nisamehe. Wewe hujambo? Unalala?

Dada yako

21 Mei

Dada,

Shikamoo. Nilitaka kuandika sijambo, mkono ukakataa. Nimechoka, dada. Fundi ameshamchukua mtu mwingine. Baba hawezi tena kujigeuza, namgeuza mimi, na mgongo umekwisha. Jana nililia jikoni mpaka uji ukaungua, halafu nikamfokea yeye, ambaye hana kosa. Sijawahi kumfokea.

Usinijibu kwa barua. Panda basi.

Mdogo wako