Shafti ya Kisima cha Buna

Kwa dadangu Mwanajuma,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itawakuta wazima hapo Likoni, na kwamba goti lako limepunguza vituko. Mimi nduguyo mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio sina la kuusifia. Joto la Garissa ni lile lile. Juzi niliweka yai juu ya mashine, nikageuka kutafuta chumvi, kurudi limeshaiva. Usicheke, ni kweli.

Umeuliza kazi inaendaje. Kwa kukereza chuma, dada, kuanzia hapa hadi Mandera hakuna wa kunishinda. Darasa la nne niliishia, lakini chuma chenyewe hunieleza habari zake. Nakigusisha kwenye jiwe la kunolea, natazama cheche: zikienda ndefu na chache, hicho laini, zikipasuka kama maua, hicho kigumu.

Basi alikuja mzee mmoja kutoka Buna, kule Wajir, anaitwa Mzee Gedi. Amebeba shafti ya pampu ya kisima, imekatika vipande viwili. Ukame umewamaliza, na kisima hicho ndicho pekee kilichobaki na maji. Ngamia na mbuzi wa watu wote wamekusanyika hapo, wanangoja. Nilipatazama ilipokatika nikajua: aliyeitengeneza kwanza alitumia nondo ya kujengea nyumba. Nikatafuta ekseli ya lori lililokufa, chuma chenye heshima zake, nikaifunga kwenye mashine izunguke na kisu kiichonge.

Mzee akasogea kutazama, macawis yake, ile shuka wanayojifunga kiunoni, inapepea. Nikazima mashine. Nikamwambia hii haijui mzee wala mtoto, ikishika pindo itamvuta mpaka kichwa. Mombasa nilimwona mtu akizungushwa, aliposhuka amesahau jina lake. Mzee akacheka, akakunja macawis, akaketi mbali.

Taabu ikawa wakati. Huku gari haliendi peke yake kwa ajili ya majambazi. Magari yanaondoka pamoja asubuhi, na askari wa kuyalinda, na ukiachwa umeachwa. Umeme ulipotea siku nzima, ukarudi alfajiri, nikakereza kama mwendawazimu. Honi za msafara zilipoanza kulia, shafti imekaribia kipimo, lakini imechemka haishikiki. Na chuma cha moto, dada, kimevimba. Ukikipima hivyo ukakimaliza, kikipoa kinapungua kiasi cha unywele. Beringi inayoishika itacheza, shafti itayumba, mwisho itakatika tena.

Nikamwambia lazima ipoe ndipo niikate mara ya mwisho. Akasema niimwagie maji. Nikasema itapinda.

"Fundi," akaniambia, "itapata baridi ndani ya lori. Chuma ni chuma."

"Mzee wangu, nikikupa hii sasa nimekupa nondo nyingine."

"Ngamia yangu haiwezi ngoja chuma ipumzike."

Sikumpa. Nilisimama mbele ya mashine, mikono kifuani, mpaka msafara ukaondoka. Alasiri shafti ilikuwa imepoa. Nikaimaliza, nikaing'arisha hata ningeweza kunyoa ndevu nikijitazama humo. Mzee akaipapasa, akasema masha'Allah, lakini macho yake yalikuwa barabarani.

Msafara uliofuata ulizuiwa, kulikuwa na risasi njiani. Wiki nzima mzee alilala barazani kwetu, shafti kando yake ndani ya gunia. Hakunilaumu hata kwa jicho. Jioni akipata chai aliniita tunywe pamoja, na mimi, unanijua nilivyo na mdomo, nilikunywa nikitazama lile gunia.

Jana Dekow, dereva aliyempeleka njia ilipofunguliwa, alirudi. Nilimkimbilia kabla hajazima lori, nikamuuliza imeingiaje. Akasema imeingia kwa mkono, bila nyundo. Pampu haitetemeki, maji yamejaa birika la kunyweshea mifugo mpaka yanamwagika chini. Nikamuuliza wanyama wanakunywa?

"Wanyama gani, fundi? Maji tu ndiyo iko." Akafuta uso. "Mzee anakusalimia. Anasema asante."

Dada, ningempa ile ya moto, pengine ingezunguka siku chache, wangekunywa wachache wakabaki. Pengine ingekatika siku ile ile. Nalipima hili kila upande na kipimo sina. Nilikuwa najua ukifanya kazi sawasawa, mambo nayo yanakuwa sawasawa. Sasa sijui najua nini. Leo sikuwasha mashine.

Umeuliza pia nitarudi lini. Sijui nije kufanya nini huko ambacho hakikunishinda huku.

Msalimie shemeji yangu mumeo, na mama mkwe wako anayeniombea dua, mwambie asichoke. Msalimie shangazi yetu Bi Rukia. Na wanao waambie mjomba wao alikereza shafti iliyoingia kwa mkono, bila nyundo, huko mbali kabisa Buna. Waishie hapo. Wakiuliza ngamia walifurahi vipi, wapeleke wakalale.

Ni mimi nduguyo,
Fundi Salim, Garissa