Mkutano wa Jumanne, Saa Tatu Asubuhi

Chumba cha juu,
nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu Kijino,

Hujambo, na hiyo baridi unayoilalamikia kila ukipiga simu? Wifi na watoto wazima? Sisi tunapumua. Cherehani yangu inanguruma, na shemeji yako akilala anaishinda.

Sasa kaa chini. Hospitali yetu inataka kuzihamisha mashine za kusafisha damu hadi hospitali kuu, mwendo wa saa nne kwa basi. Unajua nalala kwenye mashine ile mara tatu kwa wiki. Kwenda saa nne, kurudi saa nne, na figo zangu hizi? Sifiki mbali.

Wakabandika tangazo kwamba wagonjwa tunaalikwa kutoa maoni kabla mpango haujapitishwa. Nilifurahi hadi niliposoma saa: Jumanne, saa tatu asubuhi. Kijino, saa hiyo sote kumi na wawili tumechomwa sindano, damu iko nje inazunguka! Muuguzi mkuu akaomba wabadilishe, akaambiwa ukumbi hauna nafasi nyingine.

Basi jana nikagoma kuunganishwa. Niliogopa, sikufichi. Tangu Jumamosi nilikuwa sijasafishwa, miguu imevimba viatu haviingii. Shemeji yako alikasirika, akabaki chini kunisubiri. Nikapanda ngazi za ukumbini peku, napumzika kila baada ya hatua tatu.

Nakuta mwenyekiti keshaandika kwamba wagonjwa hawakuhudhuria, hivyo hawana pingamizi. Hasira ilinipanda! Nikawaambia wenzangu wako wapi, orofa moja tu chini ya viti vyao. Mwenyekiti alitazama miguu yangu, usoni hakuthubutu. Akafuta ile sentensi, akanishukuru kwa ushirikiano, akasema uamuzi umeahirishwa ili wagonjwa wote wasikilizwe. Tukutane Jumanne ijayo, saa tatu.

Nikavuta kiti cha mbele, nikakaa.

"Sitoki hapa," nikamwambia, "mpaka uandike kwamba mkutano utakuwa chini, katikati ya vitanda vyetu."

Nisalimie wifi, wabusu watoto. Shangazi mpe salamu zangu, ila habari ya ngazi usimgusie, atapanda basi leo leo. Mungu akulinde huko uliko, nasi atuvushe Jumanne.

Mwenyekiti aliandika, Kijino, na muhuri akapiga. Kisha nilipotaka kuinuka nikashindwa, ikabidi shemeji yako anibebe hadi kwenye mashine.

Dada yako akupendaye sana.