Mkopo Nisiouchukua

Jumatatu, 3 Machi

Nimefua mapema niiwahi mvua. Imeniwahi yenyewe. Nepi zimetandazwa ndani, kwenye viti, kwenye kamba ya neti, nyumba yote inanuka sabuni. Neema kaenda shule na kandambili. Masanja anaota meno, hataki kushushwa chini, nimeshona viraka vya suruali naye mgongoni.

Kesho Kahama, benki. Mkandarasi wa usafi hapa Bugarama anataka ovaroli za wafanyakazi wake wote. Kasema kazi ni yangu nikiwa na cherehani ya umeme kabla ya Pasaka. Hii yangu ya miguu ikikutana na kitambaa kile inavunja sindano. Fomu za mkopo nilishapeleka, walisema ziko sawa.

Nimefurahi. Naogopa kufurahi.

Jumanne, 4 Machi

Wamekataa.

Afisa mikopo kijana, mpole, hakuniangalia usoni. Kasema kwenye kumbukumbu zangu kuna mkopo chechefu. Neno lenyewe sijawahi kulisikia. Kafafanua: mkopo uliochukuliwa Geita, haujamaliziwa, umeshakuwa wa muda mrefu. Nimemwambia Geita mjini nimekwenda mara moja, hospitali. Kasema, "Mama, mfumo ndio unasema."

Nimetoka pale na fomu zangu mkononi. Watu kwenye foleni walisikia. Nimeona aibu ya kitu ambacho sikukifanya, kumbe nayo inachoma vilevile.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Kanisani nimesimama nyuma na mtoto.

Baba Neema kasubiri nimalize kuosha vyombo. Kauliza taratibu, na kule kuuliza taratibu ndiko kulikoniumiza. "Mama Neema, ulichukua mkopo wa kausha damu ukanificha?" Nimesema hapana. Kasema sawa. Katoka kwenda kijiweni kwenye bodaboda zake na ile sawa haikuwa sawa.

Wanawake wangapi hapa wamechukua mikopo ya siri, wakaja kubebewa makochi mchana kweupe. Namwelewa. Nina hasira naye hata hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi benki kudai nakala ya hiyo taarifa. Haki yangu, nilisikia redioni. Wamenitolea.

Nimeisoma kwenye benchi la nje. Jina langu, Kulwa, na la baba. Tarehe ya kuzaliwa yangu. Namba ya kitambulisho yangu. Halafu: makazi, Nyarugusu. Kazi, mama lishe. Namba ya simu naijua kwa kichwa.

Ni ya Doto.

Pacha wangu. Laini hiyo niliisajili mimi kwa kidole changu, wakati ule yeye hana kitambulisho. Nimekaa pale hadi Masanja akalala. Sikulia. Nilisikia baridi tu.

Jumamosi, 8 Machi

Baba Neema kanipeleka Nyarugusu kwa pikipiki. Nilimwonyesha karatasi, akaisoma mara mbili, akasema panda. Matope hadi magotini.

Doto anapika wali na maharage karibu na maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Kakonda. Wachimbaji walipotuona pamoja wakaanza: "Leo mama kajigawa! Nipe sahani kwa yule asiyenidai." Doto kacheka nao. Kwangu hakucheka.

Kasema ukweli wote, akigeuza maharage. Mkopo alichukua yeye, kwa ajili ya duara la mumewe. Duara likajaa maji, mume akaenda Chunya, mpaka leo kimya. Siku ya kuandikishwa, afisa aliingiza namba ya simu likaja jina langu na namba ya kitambulisho changu. Akaita, "Kulwa?" Doto akaitika. Kauliza jina la baba, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Sura nayo ile ile.

Nimemuuliza kwa nini aliitika. Kaniangalia kama mjinga. "Dada, tangu lini tukasahihisha watu?"

Hapo kanishika pabaya. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu mzima akikuita jina la mwenzako, unaitika, unapiga goti, unasema shikamoo. Kumwambia umekosea ni utovu wa adabu. Nimeitikia Doto mimi, mara ngapi, kisimani, kanisani, shuleni. Nilishachapwa viboko vyake.

Lakini hakunipigia kuniambia. Miaka yote hii. Hilo si adabu.

Nimemtaka twende wote ofisini kwao. Kakataa. Kasema, "Unataka waje wanibebee masufuria? Hawa wanangu wale mchanga?" Nimesema, "Na wangu?" Kanigeuzia mgongo, kaanza kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepiga simu kwenye ile kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo. Dada wa huko kanisikiliza vizuri. Kasema wao wanapokea wanacholetewa. Niandike pingamizi, niambatishe kitambulisho, wataweka alama kwamba taarifa inabishaniwa. Ila wa kurekebisha ni yule yule aliyeandika mwanzo. Wakopeshaji wenyewe.

Nimeandika barua. Nimeichana, nimeandika tena. Mara ya kwanza nilitaja mambo ya utotoni. Hayawahusu.

Jumatano, 12 Machi

Geita, ofisi ya wakopeshaji. Juu ya duka la vipuri. Msimamizi, mama mtu mzima mwenye miwani, nimempa shikamoo, kaitikia bila kuinua macho. Nimemweleza. Kacheka, si kwa ubaya. "Mwanangu, nitajuaje kama wewe si yeye? Leo umekuja na jina hili, kesho utakuja na lile." Kasema kama kweli mko wawili, njooni wawili. Siku moja, chumba kimoja, kila mtu na kidole chake.

Ana haki. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nimemchukia njia nzima.

Jumapili, 16 Machi

Mama kapiga kutoka Ushirombo. Doto kamfikia kwanza, nimejua kwa sauti. Kasema mimi ndiye niliyetangulia kutoka tumboni, nimbebee mwenzangu. Kasema, "Ninyi ni mtu mmoja."

Nimemjibu mama kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nimesema tumbo tulichangia, mkopo hatukuchangia. Mama kauliza Masanja meno yamefika mangapi.

Nimekuwa na sumu mdomoni siku nzima. Neema kamwaga uji nikamfokea mpaka akajificha nyuma ya pazia. Nimeenda nyuma ya pazia nikakaa naye.

Jumanne, 18 Machi

Simu ya Doto imezimwa. Nimemtumia ujumbe, atausoma akiwasha: Alhamisi niko Geita. Nitasema ukweli uwepo usiwepo. Njoo useme mwenyewe, usisemewe.

Baba Neema kausoma kabla sijatuma. Kasema ni mkali. Nimesema ndiyo.

Alhamisi, 20 Machi

Alikuja.

Nilimkuta tayari kakaa kwenye benchi, kitenge kile cha msiba wa baba, mikono inanuka vitunguu. Ana kitambulisho chake sasa, kipya, kwenye kifuko cha nailoni. Hatukusalimiana. Nilikaa pembeni yake. Kijana wa mapokezi kaangalia huku, kaangalia kule, kasema "Mungu wangu," kaenda kuita wenzake waje kutazama.

Halafu mama mwenye miwani akatokea mlangoni na faili, akamtazama Doto moja kwa moja, akaita, "Kulwa!"

Doto alianza kuinuka. Niliona magoti yake. Akarudi kukaa. Akafumba mdomo.

Nikaitika mimi.

Mengine yalikuwa kazi tu. Vidole kwenye kile kimashine, wangu, wake, tena wangu. Doto akasema kwa sauti ndogo, "Deni ni langu. Huyu hakujua." Mama yule hakumgombeza. Wamemwandikia upya kwa jina lake, atalipa kidogo kidogo, masufuria hayaguswi. Mimi nimepewa barua ya marekebisho yenye mhuri, na wamesema wataituma pia kule kwenye kumbukumbu.

Nje nilimshika mkono. Kauchomoa. Kapanda pikipiki ya kwanza iliyopita, hata bei hakuuliza.

Nimeshinda. Najisikia kama niliyemsukuma mtu.

Ijumaa, 28 Machi

Kimya. Nimepiga kule kwenye kumbukumbu, bado inashughulikiwa. Mkandarasi kapita na gari, kapunguza mwendo, kaangalia cherehani yangu, kaondoka.

Mama kauliza tena kama nitamsaidia mwenzangu kulipa. Hapana. Nikilipa, litarudi kuwa langu. Ila nimekata kitambaa cha sare ya Kabula, binti yake. Shule atakwenda na sketi nzuri, yenye pindo la kukuzia. Hilo naliweza.

Jumatano, 9 Aprili

Taarifa mpya imetoka. Nimeisoma kama mtu anayetafuta chawa, mstari kwa mstari. Nyarugusu haipo. Mama lishe hayupo. Hakuna mkopo.

Kazi ya ovaroli imekwenda kwa fundi wa Kahama, tangu wiki iliyopita. Mkandarasi kasema pole, hakuweza kungoja hadi Pasaka, watu wake hawawezi kufagia uchi. Kijana wa benki kasema nilete fomu upya, safari hii itapita. Labda. Cherehani ya umeme bila kazi ya kuishonea nayo ni deni. Nitafikiri kwanza.

Baba Neema kaleta samaki. Hakusema ni wa nini. Nimemkaangia.

Jumatatu, 21 Aprili

Ushirombo, kwa mama. Mvua imepungua. Mpunga umeanza kuinamisha vichwa.

Doto alifika kabla yetu. Kabula kavaa sketi, anaizungusha. Doto kamwambia, "Mshukuru mama mkubwa," mtoto akasema wabeja mama. Yeye mwenyewe kageukia jikoni.

Mchana mama kapakua ugali na kuku kwenye sahani moja, kaiweka kati yetu wawili, kachukua wajukuu kaenda nao nje. Mlango kaurudishia.

Tulikaa. Doto kanawa, nami nikanawa. Akachora mstari katikati ya ugali kwa kidole. Akasema, "Hapa kwako. Hapa kwangu."

Tukala, kila mtu upande wake. Paja la kuku lilikuwa kwake. Alilikata vipande viwili, akasukuma kimoja kikavuka mstari.

Nimekila.