Vipimo vya uongo

Fundi, uko hapo? Nimeaibika leo, sijui niuweke wapi uso wangu.

Binti yangu amefungua tanuri asubuhi. Vikombe arobaini vyote vimetoka na rangi ya matope. Matope, fundi! Hakuna hata kimoja chenye ile kijani yangu inayong'aa kama kioo.

Akaniuliza, "Baba, mbona nimefuata daftari lako bila kuruka hata mstari?"

Nikacheka. Nikamwambia vipimo vya daftarini ni vya uongo, niliviandika hivyo ili kuwakomoa wezi.

"Haya, basi nipe vya kweli."

Nikafungua kinywa. Hakuna kitu.

Unanielewa? Hakuna kitu! Sijachanganya rangi miaka mitatu sasa, tangu mikono ianze kutetemeka. Kulikuwa na kanuni, niliitunga mwenyewe kwa hesabu za shule ya jioni. Majivu unapunguza, unga wa shaba unaongeza. Au shaba ndiyo unapunguza? Nimeshika kalamu tangu saa nne.

Binti yangu akasema, "Baba, mwizi umemkomoa kweli." Kisha akaacha kucheka, akaanza kufuta meza isiyo na vumbi.

Wewe uliniomba kanuni hiyo tulipokuwa karakana moja. Nikakujibu kwamba nitakufa nayo. Tangu siku hiyo nikawa nafunika ndoo zangu kila ulipopita.

Niambie ukweli, ndugu yangu, sitakasirika. Hukuchungulia hata siku moja?