Riwaya Tuliyoichana Vipande Vinne

Mwenzangu wa nyumbani,

Sisi wabeba saruji tu wazima, ila migongo ndiyo inayonung'unika. Riwaya ulizotuma zimefika. Ile nene tuliichana vipande vinne tuisome wote chumbani kwa pamoja, na mimi nikaangukiwa na kipande cha mwisho. Upuuzi mtupu! Baba anarudi baada ya miaka mingi, na mtoto aliyemwacha akiwa tumboni anamtambua kwa mbali, anamkimbilia, "Baba! Baba!" Nikawasomea wenzangu. Fundi bomba tunayelala naye chumbani akacheka hadi akakohoa. "Kaka, mwandishi huyu hata dukani hajawahi kwenda akarudi!"

Nyingine ni ya tajiri anayelilia mapenzi kurasa nzima, wala hana kazi ya kuamkia. Nimeiweka chini ya mguu wa kitanda kinachoyumba, na hapo inafaa.

Mtoto wetu, nilipokuja likizo, alijificha nyuma ya gauni lako akauliza, "Mama, mgeni huyu ataondoka lini?" Hilo sijaona aliyeliandika.

Mwezi ujao nakuja. Tafadhali usimsukume aniite baba. Mwambie tu yule mgeni amerudi, nami nitaanzia hapo.

Ni mimi mumeo, na mgongo wangu.