Mlango Uliogongwa Kwenye Televisheni

Mjukuu wangu Zuhura,

Hapa Scarborough hatujambo, mimi na shangazi yako, ila baridi hii haina adabu. Umeniuliza kama huwa naogopa shangazi yako akienda kazini nikabaki peke yangu.

Nilipokuwa mtoto Nairobi, tulijazana mkekani kwa jirani, mwenye televisheni, tukitazama filamu ya kutisha ya Waingereza. Muuaji akagonga mlango. Tukakumbatiana wote. Mama yangu, asiyejua Kiingereza, akaitikia kwa mazoea, "Karibu!" Tulicheka mpaka hofu ikatutoka.

Juzi shangazi yako aliniletea kanda ya filamu ileile. Nikaitazama peke yangu, na bado inatisha! Mlango ulipogongwa nilijifunika leso usoni, kisha nikasikia, "Karibu!"

Kinywa kilikuwa changu, mjukuu wangu. Sauti ilikuwa ya Mama.

Nyanya yako